Dar mpaka Guangzhou ni masaa mangapi hasa? Tiketi ya mama mdogo imenikalisha chini na kalkuleta

Mleta uzi:
Wakuu habari za jioni. Uzi utakuwa mrefu kidogo mnivumilie, hili jambo limenikaa kooni wiki nzima.

Mama mdogo wangu ana duka la mikoba Kariakoo, miaka yote anachukua mzigo kwa watu wa jumla hapahapa mjini, mwaka huu akasema na yeye aende Guangzhou akajionee mwenyewe. Viza akapata, kadi ya homa ya manjano anayo, tiketi akakata kwa wakala. Tiketi imeandikwa kuondoka Dar 05:45. Yeye akasoma saa tano na dakika arobaini na tano, yaani kabla ya adhuhuri, akaamka asubuhi akanywa chai akaaga majirani, saa tatu tumefika Terminal 3 na mabegi yote tunaambiwa ndege imeondoka tangu saa kumi na mbili kasorobo alfajiri. Mtu mzima wa miaka hamsini na kitu alikaa chini pale nje ya mlango akalia, na mimi nilikuwa sijaiona hiyo tiketi mpaka pale uwanjani. Sitasahau.

Wakala hakumwambia kabisa kwamba saa za kwenye tiketi sio saa zetu. Alichomwambia ni kwamba "safari ni masaa 22", na mama mdogo akaelewa ndege inakaa angani masaa 22, akawa anaogopa miguu itavimba. Nikamwambia mama subiri, tusikate nyingine mpaka nielewe hiki kitu kinavyokwenda. Haya ndo niliyoyapata, mwenye kujua zaidi aongezee.

Umbali kwanza. Kutoka uwanja wa Julius Nyerere mpaka uwanja wa Baiyun kule Guangzhou, kwa mstari mfupi kuliko yote juu ya mgongo wa dunia, ni kama kilomita 8,700. Ndege kubwa kama Dreamliner ikishakaa sawa huko juu inakwenda kama kilomita 900 kwa saa. Gawanya, unapata masaa tisa na dakika arobaini hivi. Ongeza muda wa kutembea kwenye lami kabla ya kuruka, muda wa kupanda, muda wa kushuka, na zile kona maana ndege inafuata njia zilizopangwa angani sio mstari wa rula, unafika masaa kumi na nusu mpaka kumi na moja. Basi. Hakuna masaa 22 ya angani popote.

Sasa 22 zimetoka wapi? Tiketi yake ilikuwa inapita Ghuba. Dar mpaka Dubai ni karibu kilomita 4,000, masaa matano na nusu. Pale kusubiri masaa tisa. Halafu Dubai mpaka Guangzhou kilomita 5,800, masaa saba na nusu. Jumlisha mwenyewe. Masaa tisa kati ya hayo ni ya kukaa kwenye kiti cha uwanja wa ndege wa watu, na hicho ndo kitu wakala alitakiwa amwambie mama wa watu kabla hajachukua hela yake.

Mdau wa Tabata:
Pole sana mkuu na mpe pole mama mdogo. Hilo la saa lilimpata jirani yetu ila yeye kwake ilikuwa tarehe. Tiketi imeandikwa tarehe 15, saa 00:40. Kwa hesabu yetu hiyo ni saa sita na dakika arobaini usiku wa kuamkia tarehe 15, kwa hiyo inabidi uwe uwanjani tarehe 14 jioni. Yeye akala chakula cha usiku tarehe 15 ametulia kabisa, Noah mbili zimejaa ndugu wa kusindikiza, wanafika pale ndege imeshatua kule mchana wa siku ileile.

Mimi siku hizi mtu akinitumia tiketi namuandikia kwa mkono chini yake, kwa Kiswahili, siku gani jua likizama unatoka nyumbani. Sio tarehe, siku gani jua likizama.

Mleta uzi:
Asante sana mkuu. Hii ya "usiku wa kuamkia" ndo lugha yetu na imekaa vizuri kuliko hayo masifuri yao. Kwa wasomaji wengine: saa ya tiketi ukitaka kuipeleka kwenye saa zetu, toa sita au ongeza sita. 05:45 ongeza sita unapata kumi na moja na dakika 45, alfajiri. 14:20 toa sita unapata nane na dakika 20 mchana. 23:10 toa sita unapata kumi na saba, imepita kumi na mbili, toa kumi na mbili unabaki na tano na dakika kumi usiku. Muandikieni kila mzee anayesafiri.

Dada wa Kariakoo:
Nimekwenda Guangzhou mara nyingi tu, naongezea. Waethiopia nao wanahesabu saa kama sisi, jua likichomoza wanaanza moja. Nilikaa koneksheni Addis nikaongea na dada mmoja muuza kahawa akaniambia saa nne, nikashangaa, kumbe anamaanisha saa nne yetu hii hii ya asubuhi. Lakini kwenye mbao za uwanja na kwenye bodingi pasi ni hizo za kizungu, usijichanganye.

Njia ya Addis mimi naipenda kwa sababu Dar mpaka Addis ni kama kilomita 1,760 tu, chini ya masaa matatu, halafu unalala moja kwa moja mpaka Guangzhou. Na saa za Addis ni zilezile za Dar kwa hiyo hesabu hazikuchanganyi mpaka umeshafika.

Mleta uzi:
Dada umenikumbusha nilipima na hizo njia nyingine. Kupitia Addis jumla inakuja kama kilomita 9,800. Kupitia Dubai nayo 9,800. Yaani zinalingana karibu kabisa japo moja inakupeleka kaskazini kwa majirani na nyingine inakuvusha mpaka Uarabuni, na zote mbili zimezidi ile ya moja kwa moja kwa kilomita 1,100 tu. Kwa hiyo mtu asikwambie eti Addis ni kuzunguka. Kinachotofautisha ni masaa ya kusubiri na bei.

Ila kupitia Istanbul ndo unazunguka kweli. Dar mpaka Istanbul kama 5,450, halafu Istanbul mpaka Guangzhou 7,900 hivi, jumla inapita 13,300. Ni kilomita 4,600 zaidi ya mstari wa moja kwa moja, ni sawa na mtu anayetoka Kimara kwenda Posta apitie Bunju. Bei ikiwa nzuri sana sawa, lakini ujue unachonunua.

Kijana wa Sinza:
Swali wakuu naomba msinicheke. Nimeangalia umbali kwenye mitandao mitatu, mmoja unasema 8,700, mwingine 5,400, mwingine 4,700. Nani mkweli?

Mleta uzi:
Hakuna wa kukucheka mkuu, na mimi nilikwama hapohapo nusu saa nzima. Wote wakweli. 8,700 ni kilomita. 5,400 ni maili za nchi kavu, hizi moja ni kilomita 1.609. 4,700 ni maili za baharini ambazo moja ni kilomita 1.852, na marubani wanatumia hizo, wamezirithi kwa manahodha. Angalia imeandikwa kipimo gani mwisho wa namba.

Mdau wa Mbagala:
Mimi kuna kitu sijawahi kukielewa tangu sekondari. Dunia inazunguka kwenda mashariki si ndio? Sasa ndege ikipaa Dar ikasimama tu hewani, China si ndo itazidi kukimbia mbali? Na ikirudi magharibi si Dar inakuja yenyewe kuipokea? Kwa nini kurudi ndo kunachukua muda mrefu?

Mwalimu wa fizikia, Ubungo:
Swali zuri sana hili na wanafunzi wangu wanauliza kila mwaka. Ukiwa kwenye boti ya kwenda Zanzibar, iko mbio katikati ya maji, rusha ufunguo juu. Unarudi mkononi kwako, hauangukii nyuma kwa abiria wa viti vya mwisho. Ule ufunguo ulikuwa unakwenda na boti kabla hujaurusha na unaendelea kwenda nayo ukiwa hewani. Ndege ikiwa bado iko chini uwanjani Kipawa tayari inakimbia na dunia kwenda mashariki, na hewa yote inayotuzunguka nayo inakimbia na dunia, kwa hiyo ikipaa haiachwi na chochote. Mzunguko wenyewe hauikimbizii mji wala hauisogezei.

Kinachofanya kwenda na kurudi kupishane ni upepo. Juu kule, kama kilomita 9 mpaka 12 kutoka chini, kuna mito ya upepo inavuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa upande wa kusini mwa China ina nguvu zaidi miezi ya baridi yao, Desemba mpaka Februari. Ukienda Guangzhou unakusukuma mgongoni, ukirudi unakupiga usoni. Ndege mwendo wake hewani ni uleule, ila juu ya ardhi mwendo unabadilika.

Wazee wetu wa pwani walilijua hili kabla ya ndege. Jahazi la kutoka Uarabuni lilikuja na kaskazi na kurudi na kusi, mtu hakuamua tu siku ya kusafiri. Siku hizi rubani hasubiri miezi sita lakini bado anauangalia upepo kabla ya kuamua apite wapi na abebe mafuta kiasi gani.

Mdau wa Mbagala:
Mwalimu ubarikiwe, miaka kumi na tano nimekaa na hilo swali. Ufunguo nitaurusha kweli.

Mleta uzi:
Hapa kwenye kwenda na kurudi ndo nilipopata kitu ambacho kilinifurahisha kuliko vyote, ngoja nikieleze taratibu.

Tuchukue mfano, ndege ya moja kwa moja inatoka Dar 11:00, inafika Guangzhou 02:30 kesho yake. Ukitoa kwa macho unapata masaa 15 na nusu. Kurudi inatoka Guangzhou 04:00 inafika Dar 10:15, ukitoa unapata masaa sita na robo. Mtu anashangaa, njia moja ileile, kwenda 15 na nusu na kurudi sita na robo? Ni kwa sababu Guangzhou iko mbele yetu masaa matano, na tiketi kila mji inauandikia saa zake. Kwa hiyo kwenda toa matano, zinabaki kumi na nusu. Kurudi ongeza matano, unapata kumi na moja na robo. Hiyo dakika 45 iliyozidi ndo upepo wa mwalimu.

Sasa cheki hii. Chukua zile namba za uongo, 15 na nusu jumlisha sita na robo, unapata 21 na dakika 45. Chukua zile za kweli, kumi na nusu jumlisha kumi na moja na robo, unapata 21 na dakika 45 vilevile. Yale matano yanaliwa kwenda na yanarudishwa kurudi. Kwa hiyo ukishika tiketi ya kwenda na kurudi ya mji wowote duniani na hujui tofauti ya saa, jumlisha zote mbili ugawe kwa mbili, una wastani wa kweli wa safari. Nilimuonyesha mama mdogo kwa kalamu nyuma ya daftari la mauzo akaelewa papo hapo, maana mfanyabiashara hesabu ya kutoka na kurudi anaijua, akaniambia "kumbe ni kama chenji". Ndiyo mama, ni kama chenji.

Na ile tiketi ya kwanza ya masaa 22, kufika ilikuwa imeandikwa 08:45 na kialama cha kujumlisha moja pembeni. Hicho kialama kidogo ndo siku inayofuata. Wengi hatukioni.

Dada wa Kariakoo:
Tena China nzima wana saa moja tu jamani. Nchi kubwa vile lakini kiserikali mtu wa Guangzhou na mtu wa kule magharibi kabisa Kashgar wanatumia saa ileile ya Beijing. Ukisafiri ndani kwa ndani husumbuki.

Mama wa Temeke:
Mimi nataka kusema la jua. Mwaka jana nilisafiri Ramadhani nikiwa nimefunga, ndege ya mchana ya moja kwa moja, saa tano asubuhi tukapaa. Saa ya mkononi niliiacha na saa za Dar. Nikajua nitafuturu saa kumi na mbili na nusu kama kawaida. Jamani saa kumi jioni imepita kidogo tu naangalia dirishani jua linazama, anga lote jekundu, mawingu yako chini yetu. Niliogopa nikadhani saa imeharibika. Mzee mmoja pembeni yangu akaniambia mwanangu sisi tunalikimbilia giza, jua linakwenda kule na sisi tunakwenda huku. Nikafuturu tende na maji nilipoliona limezama kwa macho yangu. Siku fupi kuliko zote nilizowahi kufunga.

Kurudi sasa, tumetoka usiku wa manane, nikangoja kuche, hakuchi. Ni giza tu. Nimelala nimeamka, giza. Usiku unakwenda na sisi.

Mwalimu wa fizikia, Ubungo:
Mama umeeleza vizuri kuliko kitabu. Kwenda mashariki ndege inavuka kama nyuzi saba za longitudo kwa saa, na dunia inageuka nyuzi 15 kwa saa, zinajumlishwa, kwa hiyo jua unaliona likikimbia kama moja na nusu ya mwendo wake. Kurudi zinatoana, linajikokota karibu nusu. Mzee aliyekaa pembeni yako alikuwa sahihi kabisa.

Kijana wa Sinza:
Hivi inapita wapi? Maana kwenye skrini ya kiti rafiki yangu alinitumia picha inaonyesha wako juu ya India, nikasema si wamepotea?

Mleta uzi:
Hawajapotea. Nilichora huo mstari mfupi kwa kamba kwenye tufe la mwanangu halafu nikahakiki kwa hesabu. Ukitoka Dar unaiacha Unguja mkono wa kushoto, unavuka ikweta baharini kaskazini ya Ushelisheli, unapita kati ya Maldivi na India, unaingia India ya kusini, unatokea karibu kabisa na Chennai, unavuka Ghuba ya Bengal, Myanmar, kaskazini ya Laos, unapita juu kidogo ya Hanoi halafu unaingia China. Siku yenyewe rubani anaweza kusogea huku au kule kwa upepo au mawingu mabaya lakini umbo ni hilo. Zaidi ya theluthi mbili za safari ni maji tu.

Kwenye ramani ya ukutani mstari huu haupindi sana kwa sababu uko karibu na ikweta. Angalia Dubai kwenda Los Angeles ndo utashangaa, inapanda inapita karibu na Ncha ya Kaskazini, kwenye ramani inaonekana wamechanganyikiwa lakini kwenye tufe ndo mkato.

Mdau wa Tabata:
Na ndefu kuliko zote kwa sasa?

Mleta uzi:
Ya abiria ya ratiba ni Singapore kwenda New York, inapita kilomita 15,300, masaa kumi na nane na zaidi. Karibu mara mbili ya yetu. Na kwa kuwa duara lote la dunia ni kilomita 40,000, hakuna mji unaoweza kuwa mbali na Dar kupita elfu ishirini, hapo ukizidisha unaanza kurudi. Miji mikubwa ya mbali kabisa na sisi ni kama Honolulu kule Hawaii, kilomita 17,500 hivi. Nilipima kwa ajili ya kujua tu.

Mdau wa Mbagala:
Mama mdogo amekata ipi mwishoni?

Mleta uzi:
Ya moja kwa moja. Ilizidi bei kidogo lakini nilimwekea mezani, masaa kumi na nusu upande mmoja na masaa 22 upande mwingine, akasema magoti yake yanajua jibu. Tumetoka nyumbani saa moja asubuhi, foleni ya Tazara tumeikuta lakini saa mbili tulikuwa ndani. Nimemuandikia karatasi: umeondoka saa tano asubuhi ya Dar, utafika saa nane na nusu usiku kwa saa za kwao, Dar itakuwa saa tatu na nusu usiku na sisi tutakuwa macho. Akaikunja akaiweka pamoja na pasi.

Wadau sasa hivi ni saa nne kasorobo usiku. Meseji imeingia WhatsApp: "Nimetua mwanangu. Jua lilizama mapema kama alivyosema yule mama wa Temeke. Huku wote wamelala."